Mama Kanywa Dawa

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, wodi ya wazazi, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa na simu ya mama mkononi, namwandikia mama mdogo ujumbe kwamba mtoto amenyonya vizuri. Mdogo wangu alikuwa na siku mbili duniani. Mguu wake ulikuwa umelala juu ya mkono wangu, na ghafla ukaanza kutetemeka. Kwanza nilidhani ni simu. Nikaiweka simu kitandani, mguu ukaendelea.

Halafu akalia, na kilio chake hakikuwa kama cha wale wengine wodini. Kilikuwa chembamba, cha juu, kama mlango unaohitaji mafuta. Wamama wote wakageuka. Mama hakugeuka kokote. Alimtazama tu, akasema polepole, "Ni mie huyu. Amenichukua mie."

Sehemu mbaya imeshapita ndiyo maana naweza kuandika. Naandika kwa ajili ya mtoto mwingine mwenye mama anayekwenda dirishani kila asubuhi, na anayeona haya kumwambia mtu. Naitwa Tulinagwe, nyumbani Tuli. Nina miaka kumi na saba. Tunaishi Tandika, huku Temeke, chumba na sebule. Mie si muongeaji. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, natazama kalamu mpaka mwingine ajibu. Hilo likumbuke, maana ndilo lililotufikisha tulipofika.

Kwanza nieleze dirisha. Mama alivuta unga tangu nikiwa darasa la pili. Sitasimulia miaka ile, ni yake. Nitasema tu kwamba alikonda mpaka saa ya mkononi ilikuwa inapanda hadi kiwikoni, na mtaani walimwita teja mbele yangu kama vile ni jina la ukoo. Nilipofika kidato cha kwanza akaanza kliniki ya dawa ya kuachia unga. Kule wagonjwa wanapanga foleni mbele ya dirisha lenye nondo, nesi anapima dawa ya maji kwenye kikombe cha plastiki, unainywa hapohapo anakuangalia, kisha anakwambia, "Sema jina lako." Ni ili ufungue mdomo, wajue umemeza, usije ukaificha shavuni ukaenda kuiuza nje. Mama anamaliza, anafuta mdomo, anasema, "Atuganile." Kila siku. Krismasi, Pasaka, siku ya mvua, siku ya msiba. Kuna mzee mmoja anayetoka Pugu kila alfajiri, mama akitaja jina lake yeye anadakia kutoka nyuma, "Tumekusikia bibi harusi, sogea na sie tuolewe."

Siku mama alipoanza aliniambia, "Wewe ndiye shahidi wangu. Andika kila siku, nikidanganya utajua." Daftari nilikuwa nalo tayari, kaunta kubwa lenye jalada jekundu, alininunulia mama mdogo Sekela nilipofikisha miaka kumi na nne. Mama mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Tabata. Alinipa akasema, "Andika, maana kusema hutaki." Nikaandika. Mstari wa kwanza wa kila siku ulikuwa ule ule: Mama kanywa dawa, na saa. Chini yake mambo yangu, hesabu iliyonishinda, rafiki aliyeninunia, ndoto. Lakini mstari wa kwanza ulikuwa wa mama.

Mwili wake ukabadilika. Akanenepa mashavu. Akawa anatoka jasho hata wakati wa kipupwe, leso haimtoki begani. Meno mawili ya nyuma yaling'oka, dawa inakausha mdomo. Mchana akikaa anasinzia, kidevu kifuani, na watu wakipita wanasema, unaona, bado. Hawakujua kwamba zamani alikuwa halali kabisa. Mie nilipenda kumwona anasinzia.

Alipopata mimba alikuwa na miaka miwili dirishani. Baba wa mtoto simtaji, si kwa kuficha, hayumo tu katika habari hii. Daktari wa kliniki alimkataza kuacha dawa, alisema akiikata ghafla mtoto anaweza kutoka. Tena kadiri tumbo lilivyokua wakamwongezea kipimo. Mama aliogopa, akauliza mara tatu, daktari akajibu mara tatu bila kukasirika. Alimwambia pia kwamba mtoto akizaliwa anaweza kutetemeka siku kadhaa, na kwamba atatibiwa. Kwa hiyo mama alijua. Wodini nesi alikuwa na barua ya kliniki kwenye faili. Hakuna aliyeshangaa pale ila mie, na mama mdogo.

Alifika jioni ileile na chupa ya uji. Alimtazama mtoto muda mrefu, akauliza anatetemekea nini. Mama akamweleza kama nilivyoeleza mie hapa. Mama mdogo akaweka chupa chini.

"Atu, si ulituambia umeacha?"

"Nimeacha."

"Unaachaje kitu ambacho bado unakinywa?"

Mama akasema hii ni dawa, Sekela. Mama mdogo akajibu kwamba na ule unga nao watu wanauita dawa. Wakahamia Kinyakyusa, ambacho wanadhani sikisikii. Nilisikia neno moja mara nyingi, nalo lilikuwa mtoto.

Tulikaa hospitali siku kumi na tisa. Visigino vyake vilichubuka kwa kusugua shuka, nikamvalisha soksi za mwanasesere alizotuletea mama wa kitanda jirani. Alikuwa anapiga chafya saba, nane mfululizo, kama mtu anayefagia vumbi. Ukiwasha taa analia, mtu akiangusha kijiko analia. Nesi alitufundisha kumfunga kwa khanga, mikono ndani, na mama alimweka kifuani ngozi kwa ngozi masaa na masaa, yeye mwenyewe anachuruzika jasho. Mara tatu kwa siku walimdondoshea matone mdomoni. Nikaandika mstari wa pili chini ya ule wa kwanza: Mtoto naye kanywa dawa. Mama akampa jina la Ambokile. Siku ya kumi na mbili alilala masaa matatu bila kushtuka, na mama wa kitanda jirani alitugawia andazi la kusherehekea. Nililia kwa lile andazi kuliko nilivyolia kwa yote.

Tuliporudi Tandika mama mdogo akaja kutusaidia wiki mbili. Naye simdhulumu, alisaidia. Alifua, alipika, alimwogesha mtoto kwa mikono inayojua. Mama mdogo hana mtoto. Mimba mbili zimemtoka, na sisemi hivyo kumsuta, nasema kwa sababu nilimwona siku moja amembeba Ambokile amefumba macho, ananusa utosi wake. Alilala na mie kitanda kimoja. Daftari langu lilikuwa chini ya godoro, upande wa ukutani. Yeye ndiye aliyelinunua. Alijua jalada lake lilivyo.

Ijumaa moja nilirudi shule akaniambia nibadilishe sare tuende mahali, kuna karatasi za mtoto zinatakiwa kusainiwa na ndugu. Nilifikiri ni kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Tukaingia kituo cha polisi. Nikamwangalia, akanishika kiganja, akasema hapa ndipo wanapoanzia.

Askari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, ameniitia soda. Akanionyesha simu ya mama mdogo. Kwenye kioo kulikuwa na mwandiko wangu. Kurasa tatu zimepigwa picha, kona ya kushoto kidole cha mama mdogo kinaonekana, na pete yake.

"Huu mwandiko wako?"

Nikasema ndiyo.

"Mama alikuwa anatumia dawa akiwa mjamzito?"

Nikasema, "Ndiyo. Kila siku. Hajakosa."

Nilisema kwa kujivuna, Mungu wangu. Nilifikiri namsifia. Hilo "hajakosa" lenyewe halikuwa kweli tupu, nitafika huko. Askari akaandika muda mrefu, akageuza karatasi upande wangu, akanipa kalamu. Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni kama mlezi wangu. Watu wazima wawili wananisubiri, soda yangu haijaguswa, na mie naona haya kuwaweka watu. Nikasaini bila kusoma. Baadaye nikaja kusoma nilichosaini: kwamba mama yangu mzazi alikuwa akitumia dawa za kulevya kila siku katika kipindi chote cha ujauzito.

Maneno mawili tu yameongezwa: za kulevya. Mie kwetu nikisema dawa ni dirisha. Unga tuliuita unga, na mama alikuwa ameapa neno hilo lisiingie ndani ya nyumba. Yule askari kwake dawa ni zile wanazokamata. Sikatai kwamba alisikia alichozoea kusikia. Lakini mama mdogo alijua. Mama alimweleza wodini, mbele yangu, mtoto akiwa mikononi. Alikuwa pale askari anaandika, akanyamaza. Kama unaandaliwa karatasi usaini, isome. Hata kama wamekasirika, hata kama aliyekaa pembeni yako ni mtu aliyekufundisha kusoma.

Walimchukua mama Jumatatu asubuhi anasuuza nepi. Mashtaka mawili: kutumia dawa za kulevya, na kumdhuru mtoto. Mtoto akapelekwa Tabata kwa mama mdogo, afisa ustawi akasema ndiye ndugu wa karibu mwenye nyumba inayofaa. Mama alikaa mahabusu siku kumi na moja. Siku mbili za kwanza hakupelekwa dirishani. Mama mwenye nyumba wetu alikwenda kumwona, akarudi hataki kunisimulia, akaniambia tu, "Amekuulizia wewe na maziwa." Sikuelewa. Maziwa yalikuwa yake. Yalikuwa yanatoka, blauzi nzima imelowa, na mtoto yuko ng'ambo ya jiji anapewa ya kopo.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyemdhamini. Alipotoka alikuwa amerudi ule mwili wa zamani, mashavu yameingia. Asubuhi alikamua maziwa kwenye kikombe, akayatazama, akayamwaga kwenye mchicha nyuma ya bafu. Alifanya hivyo wiki tatu mpaka yakakauka. Ruhusa ya kumwona mtoto ilikuwa Jumamosi, masaa mawili, sebuleni Tabata, mlango wazi. Mama mdogo alimwita Emanueli. Kama vile alizaliwa upya akivuka barabara.

Mama hakunigombeza. Hilo ndilo lililonichoma. Alijua kilichotokea kituoni, nilimweleza chote nikiwa natazama sakafu. Akasema, "Sekela ni mdogo wangu. Nimemfunga mgongoni huyu." Basi. Nikaacha kuandika. Daftari nililifunga kwa kamba ya katani nikalitia kwenye ndoo ya unga wa sembe uliokwisha.

Mvua za vuli zikaanza na karatasi ikaja kwa jina langu. Tulinagwe, shahidi wa upande wa mashtaka. Nilisoma mara nne. Mama alipata wakili wa msaada, dada mfupi anayevaa raba hata mahakamani. Alituambia kliniki imeshatoa rejesta, sahihi ya mama ipo kila siku isipokuwa siku moja, mwezi wa nne. Akaniuliza kama daftari lote ninalo, si zile kurasa tatu. Nikasema ninalo. Akasema lije lote, ndilo litakaloonyesha nilimaanisha nini. Alipoondoka, mama akaniambia nilitoe.

Alijua siku ile. Mie nilijua. Ilikuwa masika, maji yamefunika daraja dogo tunalopita kwenda kliniki, mama ana tumbo la miezi mitano. Nililifungua kwenye ukurasa wenyewe, tumekaa kwenye ngazi ya nyuma, karibu na bomba. Akausoma mwenyewe, midomo inacheza. Akanirudishia.

"Ichane, mwanangu. Ni karatasi moja."

Nikamwuliza kama aliwahi kumwambia daktari. Hakujibu. Akasema niichane taratibu, isiache alama kwenye uzi.

Sijui kama nitaeleza vizuri. Mama mdogo alinisaliti kwa kusoma daftari. Mama alikuwa ananiambia nilifanye liwe na uongo daftari ambalo yeye ndiye aliniambia niliandike, nikidanganya utajua. Wote wawili walikuwa wanagombea kurasa zangu, kila mmoja anataka zake. Nikachukua ukurasa kwa vidole viwili, nikavuta kidogo, ukalia pale juu. Mpasuko kama wa ukucha. Nikaacha. Nikamwambia siwezi. Akainuka akaenda ndani, na tangu hapo akanisemesha ya lazima tu: chumvi, ufunguo, mlango.

Siku ya mahakama tulikaa benchi moja kuanzia saa mbili mpaka saa sita, mama mwisho huu, mie mwisho ule, mama mdogo benchi la mbele amevaa suti ya kijani ya kanisani. Mvua inapiga bati. Tuliitwa chumba kidogo, watu wachache, kwa sababu ya umri wangu. Hakimu alikuwa mwanamke, miwani imefungwa kamba. Aliniambia nikiona aibu nimtazame yeye peke yake.

Mwendesha mashtaka alinionyesha karatasi yangu na zile picha. Akauliza kama ndivyo nilivyosema. Nikasema nilisema dawa. Akauliza tofauti iko wapi. Nikatazama kalamu ya karani. Hakimu akasema, "Binti, tuna muda." Nikasema, "Dawa ya dirishani. Ya kikombe. Ukishainywa unasema jina lako."

Wakili wetu akasimama, akauliza nimeandika mama kafanya nini dawa. Nikasema kanywa. Akageukia meza, akauliza kwa upole kama kuna mtu pale amewahi kusikia unga ukinywewa. Karani akakohoa kuficha kicheko. Nilidhani yameisha. Ndipo mwendesha mashtaka akasimama tena, na rejesta mkononi, akaniomba nifungue tarehe ambayo haina sahihi.

Ukurasa ulifunguka wenyewe, kwa ule mpasuko. Akauona. Akauliza nani alitaka kuuchana. Nikasema mie. Akauliza kwa nini haukuchanwa. Nikasema ningekuwa nimechana na zote. Akaniambia nisome kwa sauti.

Sijawahi kusoma kwa sauti mbele ya watu. Nikasoma hivi, maana hivi ndivyo nilivyoandika:

"Leo maji yamefunika daraja. Mama hajanywa dawa. Saa nane jasho. Saa tisa kutapika, anashika tumbo anasema mtoto hachezi. Saa kumi katoka. Saa kumi na moja na nusu karudi, macho madogo. Mama kavuta. Mtoto anacheza. Aliniahidi. Leo simpendi."

Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo kila mtu alisikia. Sikumtazama mama. Niliona tu suti ya kijani ya mama mdogo ikiinama mbele, kama mtu aliyepigwa tumboni. Mwendesha mashtaka akasema hana swali zaidi, akakaa.

Hakimu hakuniruhusu kukaa. Alikuwa anaandika. Akasema bila kuinua kichwa, "Geuza. Kesho yake je?"

Nikageuza. "Mama kanywa dawa, saa moja na dakika arobaini. Tumepita kwenye maji, yamenifika kiunoni, nimembebea viatu."

"Iliyofuata?"

"Mama kanywa dawa, saa moja na dakika kumi."

"Endelea."

"Mama kanywa dawa, saa moja kasoro. Mama kanywa dawa, saa moja na robo. Mama kanywa dawa, saa moja na dakika tano, kliniki hakuna maji, kaletewa kopo la nyumbani. Mama kanywa dawa."

Sijui nilisoma kurasa ngapi. Sauti ilizoea. Nilipofika kwenye siku aliyozaliwa Ambokile hakimu alisema inatosha, akavua miwani akaifuta. Hapo mama akasimama bila kuambiwa. Wakili akamvuta nguo, mama akautoa ule mkono. Akasema ile siku moja ni kweli, alivuta, na asubuhi yake alimweleza nesi wa dirishani, akapimwa, wakaandika kwenye faili. Anakiri hiyo. Nyingine hazikiri maana hazipo.

Alikuwa amewaambia. Miezi yote ile, na mie sikujua. Siku niliyomwuliza kwenye ngazi alinyamaza, akaniacha nifikiri amewaficha. Mpaka leo sijamwuliza kwa nini. Nadhani aliona haya. Tumefanana.

Uamuzi ulisogezwa mara mbili. Tukafunga shule, tukafungua, nikaingia kidato cha nne, mvua zikaisha, joto la Januari likaingia ndani mpaka sakafu ya simenti ikawa ya moto. Mama aliendelea kwenda dirishani peke yake, anaondoka sijaamka. Alhamisi, saa tano asubuhi, hakimu alisoma. Shtaka la kumdhuru mtoto halikuthibitika: daktari alieleza kwamba kutetemeka kulitokana na dawa ambayo mama alipewa na serikali yenyewe. Kwa ile siku moja aliyokiri, anaachiwa kwa masharti, asitende kosa miezi kumi na miwili na aendelee na matibabu. Mtoto arudi kwa mama yake. Daftari langu likabaki mahakamani, limebandikwa karatasi yenye herufi na namba. Karani aliniambia nitalipata baadaye.

Tulikwenda Tabata alasiri ileile na afisa ustawi. Mama mdogo alikuwa amemwogesha, amempaka mafuta, nguo zake zote amezikunja kwenye begi jipya. Ambokile alikuwa na miezi mitano, mapaja kama mikate. Alitutazama mie na mama kama wageni. Mama alimpokea akaenda naye moja kwa moja nje, akabaki amesimama kwenye kivuli cha ukuta.

Mie nilibaki kuchukua begi. Mama mdogo akasema alitaka mtoto awe salama, hakuna siku amelala vizuri. Nikamwambia, na ni mara ya kwanza nimemjibu mtu mzima, "Ungeniuliza dawa gani."

Akasema, "Wewe si husemi, Tuli."

"Niliandika."

Akanyoosha mkono kunirekebisha kola. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikamwambia shikamoo badala ya kwaheri, maana neno lingine halikuja, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Sijamsamehe. Wakiniuliza kanisani nitasema hivyo hivyo. Nguo alizokunja zilikuwa na harufu nzuri, na Ambokile alilia usiku mzima akimtafuta. Hayo nayo ni kweli.

Njiani na nyumbani mama hakunisemesha.

Kesho yake asubuhi niliamka saa kumi na moja kabla ya mama. Nilichemsha maji, nikamfunga Ambokile mgongoni kwa khanga, nikakaa mlangoni. Mama alipotoka chumbani akatuona, akavaa ndala, akatangulia. Daraja lilikuwa kavu. Kwenye foleni yule mzee wa Pugu alimtazama mtoto, akauliza kama na huyu anakuja kuolewa. Watu wakacheka. Mama akafika dirishani, akapokea kikombe, akanywa, akafuta mdomo.

"Sema jina lako."

"Atuganile." Kisha akageuka nusu, akamgusa mtoto mgongoni mwangu. "Na huyu Ambokile."

Nilikuwa na daftari la hesabu tu kwenye mfuko wa sare, jipya, halijaandikwa. Mama aliliona. Akaegemea ukuta ambao jua lilikuwa ndiyo kwanza linaufikia, akanishikia mtoto asiniteleze, akasema, "Andika. Saa moja na dakika tano."

Nikashika kalamu. Nilifikiria kuandika dawa ya kliniki, au dawa ya daktari, ili asije mtu mwingine akakosea. Halafu nikaandika kama ninavyoandikaga: Mama kanywa dawa.